Samaki Hangoji Salamu

Kuna kijito katika milima ya Ileje ambacho kimeniudhi kuliko wateja wote wa Tunduma, na mimi ni fundi cherehani, wateja nawajua. Kinapita chini ya nyumba ya wakwe zangu, juu ya mawe meusi, na maji yake ni baridi hata miezi ya joto. Ndani yake wanaishi trauti, samaki wenye madoadoa ubavuni. Wenyeji wanawaita samaki wa misheni, kwa kuwa waliambiwa na wazee wao kwamba wamisionari ndio waliowapandikiza. Sikuwa na haja nao hata kidogo. Mimi nimekulia Isansa, kwenye kahawa na mahindi, na samaki niliyemjua ni dagaa mkavu wa sokoni.

Yote yalianza mama mkwe alipougua tumbo. Alitibiwa, akaambiwa amepona, akarudi nyumbani. Lakini hamu ya kula haikurudi naye. Anapikiwa ugali, anaugusa kwa vidole viwili, anasukuma sahani. Anapikiwa ndizi, anasema harufu yake inamchefua. Mke wangu alikuwa akienda kumwona na kurudi Tunduma macho mekundu, akisema kanga za mama yake sasa zinamzunguka mara mbili.

Siku moja alirudi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia nikipindisha suruali ya mtu.

"Mama anatamani samaki wa misheni," akasema. "Baba yake alikuwa akimletea alipokuwa msichana. Anasema ndicho kitu pekee ambacho mdomo wake unakikumbuka."

"Amekwambia uniambie?"

"Ameniambia mimi."

"Sasa mimi naambiwa kwa nini?"

"Wewe hujaambiwa," akajibu, akainuka kwenda kuandaa chakula.

Hivyo ndivyo wakwe zangu wanavyoomba kitu. Hawakuombi. Huko kwao mwanaume hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Mkikutana njiani, wewe unatoka njiani, unachutama, unaweka chini chochote ulichoshika, unapiga makofi taratibu kwa viganja vyote viwili huku macho yako yakiwa ardhini, mpaka yeye aitikie na kupita. Mkono mmoja ni dharau. Kitu cha kumpa kinapitia kwa mtu wa tatu. Kwetu Isansa heshima ipo pia, ila tumelegeza kidogo, unaweza hata kumwuliza mkweo habari za mahindi. Kule milimani hawajalegeza kitu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeiona zaidi miguu ya mama mkwe kuliko uso wake.

Basi nikanunua ndoano na mshipi wa nailoni, nikachimba minyoo, nikaenda. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nyavu, mitego na sumu vimepigwa marufuku na kamati ya maji ya kijiji kwa sababu kijito hicho ndicho kinachojaza bomba, kwa hiyo ndoano ndiyo njia pekee. Nikatupa mnyoo. Maji yalikuwa meupe kiasi kwamba niliwaona trauti wenyewe, wamejipanga nyuma ya jiwe, vichwa vyao vimeelekea juu kunakotoka maji. Mmoja akaja, akamtazama mnyoo wangu, akanitazama na mimi, akarudi mahali pake. Nilishinda pale mpaka jua likageuka. Nilirudi Tunduma mikono mitupu na mafua juu.

Aliyenifungua macho ni dereva wa lori kutoka Zimbabwe, mmoja wa wale wanaokwama kwenye foleni ya mpaka mpaka wanakuwa kama majirani. Alikuja kushonewa mapazia ya kabini. Akaziona ndoano zangu zikining'inia kwenye msumari, akauliza zinavua nini. Nilipomwelezea madoadoa na maji baridi, alicheka, akasema kwao milimani wapo haohao.

"Mnyoo? Kwenye maji meupe? Mukwai, unamtukana samaki," akasema, kwa Kiswahili chake cha barabarani kilichochanganyika na Kibemba. "Yule anakula wadudu wanaoelea. Mpe mdudu."

Mapazia nilimshonea, naye akanipa ufito wake wa kuvulia. Ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, vipande vinne vinavyochomekana, mwembamba, mwepesi, unatetemeka ukiushika kana kwamba unakuogopa. Chini yake kuna kigurudumu cha kukunjia kamba. Na kamba yenyewe si mshipi wa kawaida. Ni nene, ya njano, inaelea juu ya maji. Dereva alinieleza kwamba hapo ndipo penye siri yote: mdudu wa bandia hana uzito, harushiki, kwa hiyo unachorusha ni kamba, naye anafuata tu. Mwisho wa kamba unafunga uzi mwembamba usioonekana majini, na mwisho wa uzi ndipo anapokaa nzi wako, huyo mdudu wa bandia.

Alinifundisha kurusha kwenye uwanja wa malori. Unapeleka ufito nyuma, unasubiri kamba inyooke yote hewani, ndipo unaleta mbele. Kosa la kila mtu ni kutosubiri, na kosa langu lilikuwa hilohilo. Nilinasa turubai la lori. Nilinasa kilemba cha mama wa maandazi, na huyo alinisema mpaka foleni nzima ikashuka kwenye magari kuja kusikiliza. Vijana wa pale wakawa wananiita mvuvi wa lami. Foleni iliposogea, dereva akaondoka, akaniacha na ufito, na aibu, na maelekezo nusu.

Nusu nyingine nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu walio katika mito isiyo na mtu hata mmoja ukingoni. Nzi niliwatengeneza mwenyewe. Hiyo angalau ilikuwa kazi ya fundi: unabana ndoano kwenye mguu wa cherehani, unazungusha unyoya wa shingo ya jogoo, unafunga kwa uzi. Wa kwanza niliwafunga kwa uzi mwekundu wa sare za shule, ukachuja rangi majini, samaki wakatawanyika. Nikaanza upya kwa uzi wa kijivu. Jogoo wa mke wangu alibaki shingo tupu, na mke wangu akaacha kunisemesha kwa muda. Nilimkumbusha kwamba ni kwa ajili ya mama yake. Alisema mama yake hakuomba jogoo anyonyolewe akiwa hai.

Nilipokuwa tayari, mvua zikaanza. Kijito cha mvua hakivuliki. Watu wanalima viazi mpaka ukingoni, udongo wote unateremka, na maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nzi wako anapita juu ya kichwa cha samaki bila kuonekana. Nikangoja. Wakati nangoja, kaka yangu kule Isansa alikuwa akipanda miche mipya ya kahawa, akaja kunitembelea, akaona kamba ya njano, akaiazima bila kuniuliza. Nilipoifuata, nilikuta imekazwa kwenye vijiti viwili, mwanzo wa shamba hadi mwisho, na miche imenyooka kando yake vizuri sana. Vipande vingine alikuwa ameshafungia kitalu. Nilimfokea kaka yangu mbele ya wake zake na watoto wake. Yeye alishangaa kweli, akasema kamba haijapungua sifa, imekatwa tu. Niliunga vipande kwa gundi na uzi wa cherehani, na tangu siku hiyo kamba yangu ina vifundo vinavyokwama kwenye pete za ufito kila ninaporusha.

Kiangazi kilipofika, maji yalishuka na kung'aa. Ndio wakati mzuri, na ndio wakati mgumu. Maji yakiwa hivyo samaki anakuona kabla hujamwona. Unatakiwa uje kutoka chini, nyuma yake, umeinama, nguo zako za rangi ya majani makavu, kivuli chako kisiguse maji, na usikanyage ukingo kwa kishindo maana anasikia kwa mwili. Haya yote niliyafanya. Nilitambaa kwenye tope la baridi kwa tumbo, mtu mzima, baba wa familia. Na kila nilipoinua ufito, sauti ilitoka juu ya njia.

"Hodi huko! Habari za asubuhi!"

Maana dimbwi zuri kuliko yote liko chini ya mawe ya kuvukia, na hayo mawe ndiyo njia ya kila mtu. Anayekwenda shamba anapita hapo, anayekwenda mnadani anapita hapo, wa kwaya nao wanapita hapo. Na kule hakuna mtu anayempita mwenzake kimya. Anasimama juu ya jiwe, kivuli chake chote kwenye dimbwi, anauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, huko Tunduma kukoje, mkeo yuko wapi, na hiyo antena unaipeleka wapi. Na mimi ni mkwe wa kijiji kizima. Siwezi kujibu nikiwa nimelala kwenye tope na mkono mmoja hewani. Lazima niuweke ufito, nigeuke, nichutame, nipige makofi, nijibu swali kwa swali. Tukimaliza, trauti wote wamejificha chini ya mizizi, na mpaka watoke tena, mpita njia mwingine keshafika. Nilianza kuwachukia watu wema. Mama mmoja aliyenipa kiazi cha kuchoma kwa huruma, nilikipokea kwa mikono yote miwili nikimwombea ateleze.

Kila nilipopanda kutoka kijitoni, mke wangu alikuwa mlangoni kwa mama yake, akiniangalia mikono tu. Ndani nilisikia kijiko kikigonga bakuli la uji kidogo, kisha kimya. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa afadhali wangenilaumu.

Halafu ikaja ile asubuhi. Ukungu ulikuwa umeinuka mapema, hakuna upepo, na siku hiyo ilikuwa ya mnada, kwa hiyo watu walikuwa wameshapita alfajiri. Chini ya mzizi wa ng'ambo niliona duara dogo juu ya maji, halafu lingine. Mdomo unatoka, unachukua mdudu, unarudi. Nilitambaa. Nilipeleka kamba nyuma, nikasubiri kama nilivyofundishwa, vifundo vikapita kwenye pete kwa mara ya kwanza bila kukwama, na nzi wangu wa shingo ya jogoo akatua juu ya mzizi, akateremka na maji peke yake, taratibu. Duara likafunguka. Nikainua ufito, na ufito ukainama mpaka mpini.

Sijui kueleza vizuri. Kigurudumu kilipiga kelele. Uzi ule mwembamba haukubali kulazimishwa, ukivuta anakata, kwa hiyo nilimwacha akimbie, nikamrudisha, akakimbia tena. Nilikuwa nalia na kucheka, na nilikuwa nikisema peke yangu, atakula leo, atakula leo. Aligeuka ubavu karibu na miguu yangu nikayaona madoa yake, mekundu na meusi. Alikuwa mkubwa kuliko kiganja na mkono wangu vikiunganishwa. Niliinama kumshika.

Nikasikia fimbo ikigonga mawe.

Kutoka jikoni kwake mpaka kijitoni mama mkwe alikuwa hajashuka tangu augue. Siku hiyo, kati ya siku zote, aliamua kushuka. Niliiona miguu yake kwenye njia, myembamba, ndani ya ndala. Nami, naapa, magoti yangu hayakuniuliza. Niligeuka, nikachutama, nikaweka ufito kwenye majani, nikainamisha macho na kupiga makofi kwa viganja vyote viwili.

Ufito ulisogea kando yangu. Ukasogea tena. Niliuona kwa pembe ya jicho ukiteremka majanini, mpini mwisho, ukaingia majini, ukakwama kati ya mawe mawili. Uzi ukakatika. Mimi bado napiga makofi.

Yeye hakuitikia. Alisimama kwa muda nikisikia anavyohema kwa ule mteremko. Kisha nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunielekea hata siku ya harusi yangu.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nani kakwambia unisalimie?"

Niliacha kupiga makofi.

"Mimi ningepita, ningerudi," akasema. "Yule atarudi?"

Akageuka, akapanda tena kilima, hatua na pumziko, hatua na pumziko, na mimi nikabaki nimechutama.

Nilikasirika kwa siku nyingi. Nilimkasirikia yeye zaidi. Nani kanambia? Nyie! Nyie nyote, tangu siku ya kwanza ya posa, mlipomtuma shangazi wa mke wangu anifundishe namna ya kukunja viganja ili sauti itoke nzito! Kama ningeshikilia ufito nikamwacha asimame pale bila salamu, ningetozwa kuku wa faini na ningesemwa mpaka kwenye misiba. Nimefuata adabu, nimekosa samaki, na nimesemwa vilevile. Nilimweleza mke wangu haya nikizunguka chumba cha cherehani. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipomaliza kucheka alikuwa analia, akasema mama jana amekataa hata uji.

Siku chache baadaye akanipa taarifa nyingine ya kutonipa taarifa. "Mama anasema Jumamosi atashuka kijitoni kuota jua."

"Ili nimsalimie tena?"

"Sijui. Amesema ataota jua tu."

Jumamosi hiyo alikuwa ameshanitangulia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kwanza la kuvukia, kanga kichwani, ameupa mto mgongo. Mgongo wote. Nilisimama nyuma ya mgomba nikitafuta sheria inasemaje, nikaona haisemi kitu. Anayekupa mgongo hamjakutana naye. Niliteremka nikainama, nikaingia mahali pangu chini ya dimbwi, na hakuna kiganja kilichogusana na kiganja.

Kisha wapita njia wakaanza kuja, nikaelewa kwa nini amekaa pale na si penginepo. Kila aliyefika alimkuta yeye kwanza. Ni mama mtu mzima, ametoka kuugua, huwezi kumpita hivihivi. Salamu zote zikaishia kwake. Yeye ambaye hakuwa na nguvu ya kumaliza uji aliulizia mbuzi wa watu, akaulizia mahindi ya watu, akaulizia wagonjwa wa huko mbali Nanyala ambao hata hawajui, mradi mtu asimame upande ule, kivuli chake kisifike majini. Waliponitazama alisema, "Mwacheni huyo, anatafuta kitu chake." Nilisikia sauti yake ikichoka, inakauka, anakohoa, anaanza na mwingine.

Tulifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Sikupata kitu. Upepo wa mwisho wa kiangazi ulikuwa umeanza, unakunja kamba yangu na kuirudisha usoni. Nzi walinasa kwenye mgomba. Vifundo vya kaka yangu vilikwama. Mchana ulipokuwa ukiegemea, alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Bado?"

"Bado, mama."

Na mimi nilikuwa nakunja kamba nikiona mabega yake yalivyochongoka chini ya kanga, na mawingu yanavyojikusanya upande wa Malawi, nikitamani kuuvunja ule ufito kwa goti. Mvua zikishuka mara moja tu, kijito kinakuwa chai, na msimu ujao uko mbali sana kwa mtu asiyekula.

Jumamosi ya mwisho matone yalikuwa yameshaanza. Niliona duara, si chini ya mzizi, bali karibu kabisa na ukingo wangu, mahali ambapo sikuwahi kupaheshimu. Sikuweza hata kurusha vizuri. Nilidondosha tu nzi, trauti akamchukua. Kigurudumu hakikupiga kelele, samaki hakukimbia popote. Nilimtoa kama mtu anayetoa soksi kwenye ndoo. Alikuwa na urefu wa kiganja changu. Nilimtazama akipiga mkia kwenye majani na roho iliniuma: misimu yote hii, jogoo, foleni, kaka, tope, kwa hiki.

Mke wangu alikuwa Tunduma na wateja. Hapakuwa na mtu wa tatu. Nilipanda mpaka nyuma ya lile jiwe nikasimama, samaki mkononi, bila kujua nifanye nini. Nimweke chini kwenye matope? Nimwite jirani? Nilikohoa kidogo.

Hakugeuka. Aliacha fimbo yake, akanyoosha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, kiganja juu, mkono mmoja tu, akangoja.

Nikamweka samaki pale. Vidole vyake vilimfunga. Akamleta mbele, nikamwona akimpima uzito na kumgeuza, kisha akamnusa.

"Mdogo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yule wa siku ile alikuwa mkubwa."

Mvua ilikuwa inatuangukia sote wawili, na kule juu maji yalishaanza kubadilika rangi.

"Huyu hanitoshi, mkwe," akasema. "Nasikia njaa."

Nikateremka mbio kabla maji hayajachafuka, nikafunga nzi mwingine.